Mpaka tufe ndiyo tuwe habari?

Jamani, leo nina hasira kidogo. Mnivumilie.

Juzi asubuhi nilipita kwa mama mmoja anayekaanga vitumbua jirani na ninapopanga, huku Mbagala Charambe. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akanifungia vitumbua vyangu vinne kwenye gazeti. Nikacheka kimoyomoyo, maana karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa wa gazeti ambalo nimewahi kuliandikia. Kabla sijaondoka akaniuliza: "Mwanangu, wewe si ndiye unayeandika kwenye magazeti?" Nikamwambia ndiyo mama, naandikaandika. "Sasa mbona huu mtaro wetu hamuuandiki? Au mpaka utuzoe?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitaangalia. Ndivyo sisi waandishi tunavyojibu tukishikwa pabaya, kama mafundi cherehani wanavyosema njoo kesho.

Ukweli ni kwamba nilishajaribu. Mtaro anaousema uko nyuma ya nyumba tunazokaa. Unapokea maji ya mitaa kama minne na umejaa mifuko ya plastiki, nepi za watoto, vifuu vya nazi, na mahali pamoja kuna godoro zima limelala kana kwamba liko kitandani. Mwaka juzi, wiki chache kabla ya masika, nilipeleka habari hiyo kwenye chumba cha habari nilikokuwa nafanya kazi. Nilikuwa na picha. Nilikuwa nimeongea na mwenyekiti wa mtaa, akaniambia ameandika barua kwa mtendaji wa kata. Nilikuwa nimeongea na mtendaji, akaniambia suala liko manispaa. Nikapiga simu manispaa, nikaambiwa anayehusika yuko kwenye semina. Nikajiona nimekamilisha kazi.

Mhariri akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Kuna aliyekufa?"

Nikasema hapana.

"Basi ukiua mtu nipigie."

Naomba mnielewe. Hakusema kwa ubaya. Ni mtu mwema, amewahi kunipa nauli ya kurudia nyumbani mwezi ulipokuwa umekata. Alisema kama mwuza duka anavyosema sukari imeisha. Na mimi sikubishana naye, nilirudi kwenye kiti changu nikaandika habari ya warsha.

Masika ikaja. Maji yakatoka kwenye mtaro yakaingia ndani usiku wa manane. Mama wa vitumbua alipoteza jiko, unga na ndoo ya mafuta, yaani mtaji wote. Babu mmoja asiyeweza kutembea alibebwa mgongoni na vijana wa kijiweni, walewale tunaowaita wahuni. Choo cha nyumba ya tatu kikatitia, na kilichokuwamo mnajua kilikokwenda. Wiki nzima watoto waliharisha. Lakini hakufa mtu. Kwa hiyo haikuwa habari.

Ndiyo hasira yangu ya leo. Katika jiji hili, sisi wa pembezoni tunakuwa habari siku tunapokufa. Siku nyingine zote ambazo kifo hicho kinapikwa taratibu, jikoni peupe, hakuna mwandishi. Na mimi nasema asiyekuja kuangalia chungu kikichemka asijifanye kushangaa kikimwagika.

Msinione nasema haya kwa kusoma vitabuni. Mimi ni mtoto wa Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009, siku ya Jumatano, nilikuwa shule ya msingi. Kabla ya saa sita mchana tukasikia kishindo, halafu kingine, halafu vikawa havihesabiki. Mwalimu alituambia tulale chini, kisha naye akakimbia. Nilikimbia peku, kandambili sikujua ziliangukia wapi. Barabara ya Kilwa ilikuwa imejaa watu, akina mama na ndoo kichwani ambazo hata hawakujua kwa nini wamezibeba, wengine wanakwenda upande wa mjini, wengine upande wa Kongowe, na hakuna aliyejua upande gani ni salama. Usiku nililala Keko kwa shangazi. Baba yangu alinipata kesho yake.

Lilikuwa ghala la silaha la Jeshi la Wananchi, kambi ya Mbagala Kizuiani. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikaharibika. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona magari ya televisheni mtaani kwetu. Kamera, vipaza sauti, watu wenye vizibao vya mifuko mingi. Nadhani siku hizo ndipo nilipotaka kuwa mwandishi. Nilidhani hii ndiyo kazi yao, kuja watu wanapohitaji kusikilizwa.

Baada ya muda wakaondoka. Nyufa zikabaki kwenye kuta. Malalamiko ya fidia yaliendelea kwa miaka, yakijitokeza gazetini mara mojamoja, kwenye kurasa za ndani. Na tarehe 16 Februari 2011, usiku, anga la jiji likawa jekundu tena. Safari hii ilikuwa Gongo la Mboto. Ghala la jeshi tena, katikati ya makazi tena. Zaidi ya watu 20 wakafa tena. Maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru, wakalala pale na watoto wao.

Kati ya Mbagala na Gongo la Mboto ni miezi 21 na ushee. Najiuliza, na nawauliza wakubwa zangu katika fani: katika miezi hiyo yote ni mara ngapi tulikwenda kuzunguka kambi nyingine za jiji hili na kuuliza wakazi nyumba zao ziko hatua ngapi kutoka ukutani? Ni mara ngapi tuliuliza kila wiki, bila kuchoka, mabomu mengine yako wapi na yana umri gani? Sisemi gazeti lingezuia bomu lisilipuke. Nasema swali linaloulizwa mara moja siku ya msiba ni rambirambi. Swali linaloulizwa kila Jumatatu mpaka lijibiwe ndiyo uandishi.

Hebu tuongee hesabu kidogo. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam. Kati yao, 1,346,674 ni wa Temeke. Hiyo Temeke peke yake, baada ya Kigamboni kumegwa na kupewa wilaya yake. Linganisheni na mkoa mzima wa Lindi, ambao ulikuwa na watu 1,194,028. Temeke inaupita mkoa! Kinondoni nayo, baada ya kumegwa Ubungo, ina watu 982,328, wengi kuliko mkoa wa Njombe. Mkoa una mwakilishi wa gazeti, mwakilishi wa redio, mwakilishi wa televisheni, kila mmoja na kadi yake. Sasa niambieni, mwakilishi wa Tandika ni nani? Wa Yombo Vituka? Wa Tandale? Sisi tunahesabiwa kuwa "Dar", na Dar ya kwenye habari ni Posta, Masaki, Ikulu, mahakama ya Kisutu na kumbi za hoteli.

Niwape siri ya jikoni, ingawa wenzangu watanuna. Asubuhi chumba cha habari kinapokea mialiko. Warsha ya wadau hotelini, uzinduzi wa taarifa ya wadau hotelini, wadau kukutana na wadau wengine, hotelini. Kila mwandishi anaulizia ipi ina bahasha. Kuna bahasha ya elfu ishirini, kuna ya elfu hamsini, tunaiita nauli ili dhamira isiumie. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyochapwa, na kiasi chenyewe nikikitaja mtanichangia. Kwenda Mbagala ndani ndani, kule daladala haifiki, unapanda bodaboda, unashinda juani, unaongea na watu kumi, unarudi jioni na habari ambayo mhariri atauliza kuna aliyekufa. Kwenda hotelini unapata chai, chakula cha mchana, bahasha, na habari iliyokwisha kuandikwa na mwenyeji. Mnadhani mwandishi mwenye kodi ya nyumba atakwenda wapi?

Nimechukua bahasha hizo. Nisijitakase hapa. Nimeandika mara tatu kuhusu uzinduzi wa mkakati wa usafi wa jiji, na mara zote tatu sikuandika kuhusu mtaro ulioko nyuma ya chumba changu.

Mtaniambia naonea, mbona Temeke na Kinondoni zinaandikwa sana tu. Ni kweli, tunaandikwa. Ukiacha kufa, tunaandikwa tukiiba na tukicheza.

Mnakumbuka Ijumaa ile ya tarehe 2 Januari 2015? Jioni ujumbe ukasambaa kwenye simu kwamba Panya Road wanakuja. Maduka yakafungwa, watu wakakimbia ovyo, kila mtaa ukaambiwa kundi liko mtaa wa pili. Siku zilizofuata polisi wakakamata vijana kwa mamia. Septemba 2022 jina likarudi, na safari hiyo kwa damu kweli, nyumba zikavamiwa na watu wakauawa. Uhalifu ule ulikuwa wa kweli, na aliyepoteza ndugu yake hahitaji mimi nimhutubie. Lakini kati ya 2015 na 2022 ni miaka 7. Waliokuwa na miaka 10 siku ya taharuki ile walifika 17 katika mitaa ileile, bila shule, bila kazi, bila uwanja wa mpira maana uwanja umejengwa fremu za maduka. Nani alikuwa anaandika habari zao katika miaka hiyo 7? Tuliwaacha wakakua bila kuangaliwa, halafu tukawashangaa kwenye ukurasa wa mbele.

Na kucheza. Muziki wa singeli umezaliwa kwenye vigodoro vya mitaa hii, kwenye spika za kukodi na turubai. Kwa haki, redio za FM za hapa Dar ziliupiga. Lakini sisi waandishi wasomi tuliuandika kama kelele, kama uhuni, kama kesi ya polisi. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko unaoitwa Sounds of Sisso, wa kazi za studio ya Sisso iliyopo Mburahati. Mburahati! Dakika chache tu kutoka Magomeni. Wageni wakaupenda, vijana wakaalikwa kwenye majukwaa ya Ulaya, na hapo ndipo kurasa zetu za burudani zikaanza kuuita utamaduni. Yaani kitu kilichoko dirishani kwetu kilibidi kipande ndege kiende Ulaya na kurudi ndipo tukione.

Sasa twende Jangwani, maana hapa ndipo hasira yangu inapochemka.

Desemba 2011 mvua kubwa iliua watu wapatao 40 katika jiji hili. Bonde la Msimbazi lilikuwa ziwa. Serikali ikawaambia wakazi wa mabondeni wahame, ikawapeleka baadhi Mabwepande. Desemba 2015 matingatinga yakaingia bondeni, Mkwajuni na kwingineko upande wa Kinondoni, nyumba zikabomolewa. Magazeti yaliandika nini? "Wakaidi wa mabondeni." Nimewahi kuandika neno hilo, wakaidi, kwenye kazi ya darasani chuoni, na nikapata alama nzuri.

Haya, kati ya 2011 na 2015 nini kilikuwa kinajengwa Jangwani, ndani ya bonde hilohilo? Karakana ya mabasi yaendayo haraka! Wakati mwenye chumba kimoja cha matofali ya mchanga anaitwa mkaidi, mradi wa fedha nyingi wenye wahandisi, washauri na mihuri ulikuwa unamimina zege mahali palepale. Mabasi yakaanza kazi Mei 2016. Maji hayakujali muhuri. Mvua zikija karakana inafurika, mabasi yakaharibika, barabara ya Jangwani ikawa inafungwa kila mara. Leo kuna mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na ndani ya mipango yake kuna daraja refu la Jangwani na kuihamisha karakana hiyo. Tunakopa ili kuondoa tulichokopa kujenga.

Kila mama wa Kigogo na Magomeni Suna alijua maji yanafika wapi. Wangekuonyesha alama kwenye ukuta: hapa mwaka fulani, hapa mwaka fulani. Hiyo ndiyo habari iliyokuwa inatembea mtaani na ndala mguuni, ikisubiri mwandishi aje kuuliza: mzee, pale wanapojenga, maji hayafiki? Swali moja, bila kompyuta, bila semina. Lililoulizwa kwa nguvu lilikuwa jingine: kwa nini hawa watu hawahami?

Na kipindupindu? Agosti 2015 kilianza hapa Dar, wilaya ya Kinondoni, kikaenea sehemu kubwa ya nchi mpaka Zanzibar. Zaidi ya watu 20,000 waliugua mpaka kufikia 2016, na mamia wakafa. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, visima vilivyochimbwa hatua chache kutoka vyooni vilikuwepo. Vyoo vinavyofunguliwa wakati wa mvua ili vimwage vilikuwepo. Aliyekaa Tandale au Manzese anajua, tunaita "kutapisha choo", na kila masika harufu inakwambia jirani ameshafanya. Tulisubiri wagonjwa wafike kambini ndipo tukaanza kuhesabu.

Najua majibu yenu, nimeyasikia kwenye kila kijiwe cha waandishi.

La kwanza: wasomaji hawataki habari za mitaro. Wasomaji wapi? Pandeni daladala ya Tandika au Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi, watu wamebanana mpaka mlangoni, wengine waliingilia dirishani, muwasikilize. Wanaongelea bei ya dumu la maji, nauli, foleni, mwalimu aliyedai mchango, mtu aliyepewa mkopo na mwingine aliyenyimwa, zahanati isiyo na dawa. Njia za mabasi ya mwendokasi Barabara ya Kilwa zilikamilika zikakaa muda mrefu bila basi, na hiyo ilikuwa mada ya kila siku ya watu wanaosimama kituoni wakiangalia barabara tupu. Mnasema hawataki habari zao? Hawajawahi kupewa wakazikataa.

La pili: hakuna fedha. Hili lina ukweli, nimeshasema habari ya bahasha. Lakini Temeke si safari ya kuomba posho ya kulala nje. Waandishi wengi wa jiji hili tunalala hukuhuku! Tunatoka Mbagala, Yombo, Tandale, Mbande na Kigogo, tunapita juu ya habari kama tunavyoruka madimbwi, tunakwenda mjini kutafuta habari.

La tatu ndilo zito: woga. Sitalidharau. Mwaka 2016 ilipitishwa Sheria ya Huduma za Habari, na mwaka 2017 magazeti ya Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa vipindi tofauti. Anayeogopa ana sababu. Lakini tusifiche uvivu ndani ya shuka la woga. Kuna habari ambazo mtu anaweza kuzilipia bei, na kuna habari ambazo zinahitaji viatu tu. Sheria iliyorekebishwa 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ikasitishwa 2023 baada ya udhaifu mwingi kuonekana, ikarejeshwa 2024. Nani alikopeshwa mtaani kwako? Vikundi hivyo vipo au ni majina? Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nani anasimama kuuliza, na nani anaandika majibu? Hizo si siri za nchi. Ni mambo yanayotakiwa kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, ule wenye matangazo ya vigodoro na mganga wa kienyeji.

Na inawezekana, maana wengine wamefanya. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale walizunguka kwa miguu wakachora ramani ya Tandale: vichochoro, mitaro, vyoo, visima, dampo zilizozuka. Kabla ya hapo Tandale kwenye ramani ilikuwa doa tupu. Kuanzia 2015 kazi ya namna hiyo ikapanuliwa kwenye kata nyingi za jiji kwa jina la Ramani Huria, hasa kwa ajili ya mafuriko. Hawa hawakuwa waandishi wa habari. Walikuwa vijana wenye simu za kupimia na wenyeji wanaojua njia. Wanafunzi waliuona mtaro ambao sisi wenye vitambulisho vya kazi hatukuuona kwa miaka.

Kabla sijamaliza niwageukie nyie mnaonisoma, msije mkadhani hasira yote ni ya waandishi. Wengi wenu mna digrii, mko maofisini, mnakunywa kahawa ya bei ya vitumbua arobaini. Mkiulizwa mnakaa wapi mnasemaje? Wa Tandale anasema "nakaa Kinondoni", na wa Mbagala anasema "upande wa Kilwa Road huku", kana kwamba kuna Kilwa Road ya mashambani kwa baba yake. Nimefanya hivyo. Chuoni kuna msichana nilimwambia nakaa karibu na Uwanja wa Taifa, akauliza karibu kiasi gani, nikabadili mazungumzo. Sasa mtu anayeonea aibu mtaa wake atauandikaje? Ataudaije diwani wake? Anasubiri ahame. Na tukishahama tunasema wale watu wa uswahilini ni wachafu, wakaidi, hawajielewi.

Sipendekezi miujiza. Napendekeza kila gazeti, kila redio, kila ukurasa wenye wafuasi, uchague kata moja. Moja tu. Azimio, Tandale, Charambe, Makangarawe, yoyote. Mwandishi mmoja aende kila wiki, hata kama hakuna moto wala maiti. Ahudhurie mkutano wa mtaa mpaka mwisho, sehemu ya mengineyo ambapo watu husema ya moyoni. Aandike tarehe mtendaji alipoahidi, na tarehe hiyo ikipita aandike kwamba imepita. Mwaka mmoja tu. Halafu tuone kama masika ijayo tutaandika "mafuriko yaua", au tutaandika mtaro umezibuliwa, na mhariri aniambie hiyo si habari.

Mimi nimechagua wa kwetu. Leo ni siku ya kwanza. Mtaro wa nyuma ya nyumba zetu Charambe umeziba. Mwenyekiti anasema ameandika barua. Mtendaji anasema suala liko manispaa. Godoro bado limelala palepale. Hakuna aliyekufa, na ninaandika. Wiki ijayo nitakwenda ofisi ya kata kuuliza barua imefika wapi, na nitawaambia nilichojibiwa, hata kama nitajibiwa kwamba mhusika yuko kwenye semina.

Jana nilimwambia mama wa vitumbua kwamba nimeanza kuuandika. Akanitazama, akageuza vitumbua, akasema: "Haya baba. Andika, ila na koleo uje nalo."

Amesema kweli. Jumamosi saa moja asubuhi tunazibua wenyewe pale tunapoweza kufikia. Anayekaa karibu na Uwanja wa Taifa anakaribishwa.